Mwaka Wako, Kisha Mwaka Wangu

Nyumbani, 2 Machi 1991

Mdogo wangu Kiguu na Njia,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika, maana uvivu wako wa kalamu naujua tangu ukiwa darasa la pili. Sisi hatujambo. Baba anakula, analala, na asubuhi namkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha la karakana, aangalie wapita njia na kunikagua ninavyoshona. Tangu kiharusi kimchukue upande wa kulia maneno yamebaki machache, lakini "hapana" hajaisahau. Nikikosea mshono anaitamka vizuri kuliko mtangazaji wa redio.

Wiki ya tatu hii tangu muondoke, na mtaa bado haujamaliza kuwasema. Mwenye duka la vitambaa ameniuliza ni mtu gani mwenye akili zake anayechukua likizo ya mwaka mzima bila kuumwa wala kufukuzwa kazi, kisha akaenda kulala ndani ya gari. Nikamjibu kwamba ni mwalimu wa jiografia aliyechoka kufundisha nchi asizozijua, na mumewe ni mpima ardhi asiyeamini ramani za wenzake. Akasema basi walioana vizuri.

Orodha ya mumeo, Bwana Ramani, nimeigongomea ukutani juu ya rafu ya kalibu za viatu. Nchi tano, posta tisa, kila moja na tarehe yake. Hii naituma kituo cha pili, iwasubiri hapo. Viatu nilivyowashonea msiviweke garini kama mapambo. Ngozi mpya inataka kutembezwa. Vya shemeji nimeviwekea ngozi mbili ndani ya kisigino cha kushoto, kwa kuwa mguu ule anaukanyagia ndani. Nimemwangalia viatu tangu siku aliyokuja kukuposa, sijaona jozi ambayo haijaliwa pale.

Sikuandikii kukukumbusha, lakini nakukumbusha. Tulikubaliana mbele ya Baba: mwaka huu wako, ujao wangu. Mwisho wa Januari uko hapa, Baba unamwinua wewe, na mimi naondoka. Nakwenda wapi ni siri yangu kwanza. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi kidogo siku hizi, nadhani ni baridi ya asubuhi tu.

Msalimie shemeji.

Dada yako


Kituo cha pili, 9 Aprili 1991

Dada mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya Baba mpe mkononi, umshike kabisa. Barua yako tuliikuta posta, karani akaitoa ndani ya kabati la mbao kama mtu anayetoa dawa. Nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za posta, nikacheka hadi watu wakageuka. Mwambie mwenye duka la vitambaa kwamba ndani ya gari tuna kitanda, jiko la visahani viwili, na pazia alilotuuzia mwenyewe.

Dada, siwezi kukueleza. Tumetembea siku nne juu ya milima, gari tumeliacha kwa mlinzi wa shule. Asubuhi unaamka, chini kuna mawingu, na huna kengele ya kipindi wala daftari la kusahihisha. Nimefundisha milima hiyo miaka kumi na mbili kwa kuichora ubaoni kwa chaki, na nilikuwa naichora vibaya. Nililia kidogo. Mume wangu alikuwa anapima mwinuko, hakuniona.

Gari tumelipa jina. Yeye anaita "nyumba ndogo". Nimemwonya asiliite hivyo mbele za watu wanaotufahamu. Ugomvi wetu ni wa saa tu: yeye anataka kila kituo tufike tarehe ileile ya orodha, mimi nikipenda mahali nataka kukaa. Mambo madogo. Viatu ni vizuri mno, havijanitoa hata lengelenge.

Mkono wako uukande kwa maji ya moto. Januari nitakuwepo, ondoa shaka.

Mdogo wako


Nyumbani, 6 Juni 1991

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimemsomea Baba mara tatu. Pale pa mawingu alitaka nirudie. Hajambo, ila amenenepa kidogo, na kumwinua kutoka kitandani sasa ni kazi ya mtu na nusu.

Barua hii naituma kituo cha nne, kwa kuwa cha tatu kwa tarehe za shemeji mtakuwa mmeshakipita. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Haikuwa baridi. Nimekwenda kwa daktari wa mifupa. Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, na vidole viwili vinaanza kujikunja vyenyewe. Uzi wa nta sasa nauvuta kwa vidole vitatu. Daktari anasema nikipasuliwa mapema mkono utarudi. Nikichelewa, vidole vitabaki hivyo, na wanaokuja kuchelewa ni wengi. Amenipa nafasi ya tarehe 12 Novemba. Baada ya hapo mkono unafungwa wiki sita, siruhusiwi kuinua hata birika. Na Baba ni mzito kuliko birika.

Nimejaribu njia nyingine kabla ya kukuandikia. Mama wa nyumba ya pili alikuja kumwinua, Baba akamshika nywele. Hataki mtu mgeni, unamjua. Kwa hiyo nakuomba, na unajua mimi siombi: rudi mwanzoni mwa Novemba. Ni miezi mitatu tu kabla ya wakati wenu. Shemeji akitaka kumalizia nchi zilizobaki, amalizie.

Na siri yenyewe ni hii. Kuna karakana ya hospitali inayotengeneza viatu vya watu wenye miguu iliyopinda, wamenikubali kuanzia Februari. Mwaka mzima, kujifunza na kufanya kazi. Nina miaka arobaini na sita na nimeshona viatu vya watu wenye miguu mizima maisha yangu yote. Ninataka hicho kitu kimoja tu, na nakitaka nikiwa na mikono miwili.

Nijibu haraka, niwaambie hospitali.

Dada yako


Kituo cha tano, 20 Julai 1991

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima kabisa, safari inaendelea. Tulipita kituo cha nne, barua zako zote tumezipata, asante sana. Tumefurahi kusikia mambo ya nyumbani yanakwenda vizuri na Baba anaendelea.

Huku ni nchi ya mito. Tunatembea zaidi kuliko kuendesha siku hizi. Mume wangu anakusalimu, ana shughuli nyingi za vipimo vyake ndiyo maana haandiki.

Nimekutumia kifurushi cha jozi mbili za viatu, vyangu na vyake. Soli zimekwisha. Naomba utubadilishie, uvirudishe kituo cha saba. Tunavisubiri, maana huku hakuna fundi wa maana.

Jambo la pili, naomba usikasirike. Shule imekubali kuniongezea likizo hadi mwisho wa Aprili. Ni miezi mitatu tu. Najua tulikubaliana Januari, lakini mtu hapati nafasi hii mara mbili. Wewe na Baba mmezoeana, na naona kwa barua zako kwamba hakuna jambo la kukimbilia.

Mdogo wako


Nyumbani, 2 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, na kifurushi kimefika wiki moja baadaye.

Viatu nimevitengeneza. Baba alikishika cha kushoto cha shemeji, akapapasa kisigino kwa kidole gumba, akakirudisha mezani. Mwambie shemeji viatu vyake vimechakaa vizuri sana, pande zote sawasawa.

Kuhusu Aprili, fanya unavyoona. Nilisema niliyokuwa nayo, umesema umeyapata, na jibu lako nimelisoma. Sirudii.

Dada yako


Kituo cha saba, 28 Oktoba 1991

Dada,

Shikamoo. Viatu tumevipata. Sijui niseme nini juu ya barua yako fupi. Nilitegemea angalau habari za mtaa. Kama umekasirika kwa sababu ya Aprili, sema, usininunie kwa posta.

Na kwa kuwa sisi ni watoto wa fundi, niruhusu niseme. Mshono wa kushoto kwangu ulifunguka siku ya tatu, katikati ya njia ya mawe, nikarudi hadi barabarani nimefunga kiatu kwa kamba ya hema. Mshono umelegea, nafasi hazilingani, mahali pengine uzi umerukwa. Baba angeona kazi hii angesema "hapana" yake. Wewe hukuwa hivi. Kama una wateja wengi, ungeniambia nisubiri kuliko kulipua kazi.

Mengine ni mazuri. Nimeona ziwa lisilo na samaki hata mmoja, maji yake mekundu. Ningependa ulione.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Desemba 1991

Mdogo wangu,

Leo sina salamu, utanisamehe. Baba yuko hai.

Jana mtu wa posta aliniletea barua. Mwandiko wangu, stempu zangu, na juu yake mhuri wa nchi ya watu: haikuchukuliwa, irudishwe kwa mwenyewe. Ni ile ya tarehe 6 Juni, ya kituo cha nne. Haijafunguliwa. Nimeikalia asubuhi nzima kwenye kigoda cha karakana. Naiweka humu ndani pamoja na hii, uifungue wewe. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma. Sasa soma barua yako ya Julai, kama huikumbuki nitakukumbusha: "barua zako zote tumezipata, asante sana. Tumefurahi kusikia mambo ya nyumbani yanakwenda vizuri." Mimi nilikaa na maneno hayo miezi minne. Niliamini umesoma kwamba mkono wangu unakufa, ukaona ziwa ni zuri zaidi. Nilikuchukia. Nakwambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nikimwinua Baba nakuchukia, nikimwosha nakuchukia, nikipita chini ya orodha ile nakuchukia. Tarehe 12 Novemba nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nafasi yangu alipewa mtu mwingine.

Mshono uliolegea ulikuwa wa vidole vitatu. Kuna siku nilishikilia msharasi wa kutobolea ngozi kwa meno ili nipate mkono wa kuvutia uzi. Wewe ni mtoto wa fundi, ulijifunza kuusoma mshono kabla ya kusoma herufi. Uliushika mkononi, ukaona nafasi hazilingani, na kitu cha kwanza ulichofikiri ni kwamba nimelipua kazi.

Na viatu vya shemeji. Uliniona mjinga kiasi gani? Mwanamume yule hajawahi kumaliza soli bila kula kisigino cha kushoto kwa ndani. Soli zilizokuja hapa zilikuwa zimesuguliwa kwa tupa au kwa jiwe, sawasawa kuanzia vidoleni hadi kisiginoni. Hakuna mtu anayetembea hivyo. Baba alijua kwa kidole kimoja. Mimi nilijua tangu Agosti kwamba shemeji hayupo na wewe, nikasema moyoni, kama mdogo wangu hataki kuniambia, shauri yake. Nikavishona viatu vya mtu asiyekuwepo kwa mkono usiokuwepo.

Shemeji yuko wapi? Na kwa nini ulisema umepata barua?

Dada yako


Kituo cha tisa, 30 Januari 1992

Dada,

Shikamoo. Sistahili marahaba, lakini shikamoo naitoa.

Aliondoka mwezi wa Mei. Tulikuwa katikati ya kituo cha tatu na cha nne. Nilitaka tukae siku mbili zaidi kando ya mto, yeye akasema orodha inasema kesho. Tukabishana juu ya kesho mpaka hatukujua tena tunabishana nini. Akasema amechoka kuishi ndani ya sanduku na mtu anayeona kila kitu isipokuwa yeye. Nadhani alisema kweli. Asubuhi alinishushia mkoba na hema, akaondoka na gari, amevaa malapa. Viatu vyake vilikuwa vinakauka juu ya jiwe, akavisahau.

Alikwenda kituo cha nne. Alipata kazi ya kupima mashamba palepale, nilisikia kwa dereva wa lori. Ndiyo sababu sikupita. Barua yako ililala posta ya mji anaoishi yeye, dada, na mimi nilizunguka siku sita kwa miguu ili nisikutane naye kwenye foleni. Nilijua kutakuwa na barua yako pale. Nilijiambia ni habari za mwenye duka la vitambaa.

Nikasema nimeipata kwa sababu, kama ningesema sijaipata, ungeuliza kwa nini gari halikupita. Mtaa mzima ulitoka kutuaga. Wewe mwenyewe uliwaambia kwamba sisi ni wehu, ila tunapendana. Ningerudije peke yangu mwezi wa sita, kwa basi? Nilitaka nimalize orodha. Nilidhani nikifika kituo cha tisa nitakuwa na kitu cha kurudi nacho. Viatu vyake nilivisugua kwa jiwe asubuhi moja ndefu, nimekaa juu ya ukingo wa daraja, ili wewe uamini bado ninaye. Kisigino sikukikumbuka. Mke wake nisikikumbuke, na wewe unakikumbuka.

Kuhusu mshono sina la kusema. Nimeutazama tena leo. Unaonekana wazi kabisa, kila pale mkono uliposhindwa. Sijui nilikuwa natazama nini.

Narudi. Basi la kwanza ni Jumatano, na nchi zote zile nitazipita tena kwa siku kumi na tisa. Mwambie daktari akupe tarehe nyingine, yoyote ile. Nitamwinua Baba mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine. Nenda hospitali, kisha nenda kwenye karakana yako. Naomba sana isiwe nimechelewa.

Mdogo wako


Nyumbani, 22 Februari 1992

Mdogo wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko, nimeandika kwa mkono wa kushoto, na imenichukua siku mbili. Naiacha juu ya meza ya jikoni kwa kuwa wewe sasa hufikiki kwa posta yoyote.

Nilirudi kwa daktari wiki iliyopita. Alivichoma vidole viwili kwa sindano, nami nilikuwa naangalia dirishani, nikamuuliza ataanza lini. Alikuwa ameshamaliza. Anasema akipasua sasa atazuia maumivu yasipande, lakini vidole havitafunguka. Nimemwambia asihangaike.

Karakana ya hospitali hawakunikataa. Mkuu wake ni mtu mwema. Alinishika mkono, akaugeuza, kisha akasema kazi ya benchi haitawezekana, ila wanahitaji mtu wa mlangoni wa kuwapokea wagonjwa na kuwavua viatu kabla hawajapimwa. Nimesema ndiyo. Kuvua nitaweza. Nitakuwa chumba kimoja na wanaoshona, nitawaona wakishona.

Unaandika unaomba isiwe umechelewa. Umechelewa. Sijakusamehe bado, na nikiandika kwamba nimekusamehe nitakuwa na mimi nimeanza kuandika barua kama zako. Lakini sikuchukii tena kama Novemba. Ulikuwa peke yako kwenye njia ile miezi minane na hukuniambia, na mimi nilikuwa peke yangu hapa na nilikuambia mara moja tu, kisha nikanuna. Ningeandika barua ya pili ungekuwa umefika. Hilo nalo nimelifikiria sana, na sehemu yangu naibeba. Ni ndogo kuliko yako.

Naondoka leo jioni, na mama wa nyumba ya pili atakaa na Baba siku mbili hizi mpaka ufike. Baba ameanza kumzoea, hamshiki nywele tena, anamshika mkono tu. Nguo zake safi ziko kwenye sanduku la chini. Uji umpe mzito, akinywa maji matupu anakohoa. Ukimwinua usimvute mikono, piga goti moja, mpitishe mkono chini ya kwapa la kulia, hesabu tatu kwa sauti, na yeye atajisukuma kidogo kwa mguu mzima. Usimharakishe. Mimi nilijifunza baada ya kumwangusha mara mbili, na hilo nalo sikukuandikia.

Ana akili zake zote, usimsemeshe kama mtoto. Alikuwa akikuulizia kila asubuhi kwa kunyoosha kidole mlangoni, nami namjibu, mdogo wangu yuko safarini, anaendelea vizuri. Anatikisa kichwa, anaridhika. Kesho atanyoosha kidole kwa ajili yangu.

Mwambie nimesafiri.

Dada yako